"Allegiance" na "loyalty": zote ni uaminifu?

Mwanagenzi: Wakuu, natafsiri kiapo cha uraia wa Marekani. Kinaitwa "oath of allegiance", na ndani yake mwapaji anakana "all allegiance and fidelity" kwa dola nyingine. Nikiandika "uaminifu na uaminifu" nitachekwa. Nifanyeje?

Kalamu Nyekundu: Hapo andika "utii na uaminifu wote". Allegiance ni wajibu wa raia kwa dola yake, au wa mtu kwa mfalme wake. Unadaiwa hata kama huipendi serikali iliyopo. Loyalty inatoka moyoni, na unaweza kuwa nayo kwa rafiki, kwa timu, hata kwa sabuni ya kufulia. Ndiyo maana kadi ya pointi ya supamaketi ni "loyalty card". Fidelity ni ya ndoa na ahadi, pia ya nakala kufanana na asili yake.

Mpekuzi: Naongeza tahadhari. Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 68, inamtaka mbunge aape "kiapo cha uaminifu", na nakala ya Kiingereza inasema "oath of allegiance". Kwenye hati za Tanzania usiibadili istilahi hiyo. "Utii" ukisimama peke yake unampeleka msomaji kwenye kutii amri. Kwa wabunge wa Uingereza, wanaomwapia Mfalme Charles na warithi wake, mimi nisingeutumia "utii".

Kalamu Nyekundu: Kwa Uingereza sawa kabisa.

Bibi Sarufi: Kosa ninaloliona kila mara ni "allegiance with". Hiyo ni kuchanganya na "alliance", yaani muungano. Allegiance hufuatwa na "to". Haina kitenzi chake, hivyo inabebwa na "swear", "pledge", "owe" au "switch". Hiyo ya mwisho ina mtego: mpiga kura au shabiki akifanya "switch allegiance", sahau uaminifu, andika tu "amehama". Tamka a-LII-jens, mkazo silabi ya pili. Na ni -giance, si -gience.

Mwanagenzi: Asanteni. Na ile "Pledge of Allegiance" ya shuleni Marekani?

Mpekuzi: "Ahadi ya utii kwa bendera". Usiseme kiapo. Tangu 1943 Mahakama ya Juu ya huko imezuia shule za umma kumlazimisha mwanafunzi kuitamka, na neno "kiapo" lingeipa uzito wa kisheria ambao haina.