Fundi amekuta kasoro: nipunguziwe bei au muuzaji atengeneze?

Hamjambo wadau, naomba ushauri. Nanunua nyumba Bamburi, Mombasa. Bei tumekubaliana, ila mkataba sijatia saini wala ile asilimia 10 ya malipo ya awali sijalipa. Hati nimeikagua ofisi ya ardhi, haina zuio.

Tatizo ni nyumba yenyewe. Fundi amekuta slabu inavuja, na nondo za nguzo mbili upande wa bahari zimeshika kutu hadi zege limepasuka. Rangi mpya ilificha yote! Muuzaji, mzee mstaarabu, anasema atatengeneza. Nahofia atapiga plasta tu. Dalali naye ananiharakisha, eti kuna mteja mwingine.

Je, nidai apunguze bei kwa makadirio ya fundi, au wakili aandike sehemu ya pesa izuiwe mpaka kazi ikaguliwe? Na nguzo, nimwite injinia kabla ya kurudi mezani?