"Yuko bias": ametukanwa au ameambiwa ukweli?

Mgosi wa Lushoto: Wakuu, juzi kikaoni nilimtetea binamu yangu apewe tenda ya viti vya ukumbi. Katibu akaniambia niko "bias". Nikamjibu sina chuki na mtu. Akasema bias siyo chuki, ni nusu chuki. Hiyo nusu inapimwa kwa kibaba? Anayejua Kiingereza anisaidie.

Mwalimu Mstaafu: Kwanza hakuna mtu "bias". Bias ni nomino. Mtu ni "biased". Turudi darasani.

Mtoto wa Chumbageni: Kaulizwa maana, yeye anasahihisha daftari. Mbona "niko serious" hamsahihishi?

Mwalimu Mstaafu: Serious ni kivumishi, kijana! Ndiyo maana mnafeli.

Mtoto wa Chumbageni: Nilipata B ya Kiingereza, mzee. Heshima tafadhali.

Bi Zuhura Cherehani: Sisi mafundi bias ni kukata kitambaa mshazari. Gauni linalalia mwili vizuri, halimchukii mtu. Linakula kitambaa tu.

Mwalimu Mstaafu: Hapo umenena, mama. Asili yake ni Kifaransa, biais, mshazari. Karne ya 16 Waingereza wakalitumia kwenye mchezo wa kuviringisha matufe nyasini. Tufe walilitia risasi upande mmoja (risasi madini, msianze), ukiliviringisha linapinda lenyewe, hata mkono wako uwe mnyoofu vipi. Mtu biased naye huelemea upande hivyo hivyo. Ndiyo maana kulitafsiri bias kuwa "upendeleo" hakutoshi. Neno hilo limeshika kupenda tu. Refa anayeionea timu moja kila wiki, utasema ana upendeleo dhidi yake?

Mtoto wa Chumbageni: Si ungeanza na hayo!

Mama Wawili: Bi Zuhura samahani, fundi wangu kadai mita nne, dada yangu mwili ule ule kashonewa kwa tatu. Ndiyo huo mshazari?

Bi Zuhura Cherehani: Lishike gauni ulivute. Likinyumbuka pembeni, ni mshazari, hakukuibia. Lisiponyumbuka, katazame watoto wa fundi walivaa nini siku ya Idi.

Mama Wawili: 😂😂 Walivaa kitenge changu, wallahi!

Shombe la Pwani: Mafundi wote wezi.

Bi Zuhura Cherehani: Wote? Mwalimu, huyu naye tumwiteje?

Mwalimu Mstaafu: Huyo hana nusu. Ni nzima.

Mgosi wa Lushoto: Jamani, na mimi?

Mtoto wa Chumbageni: Binamu alileta viti?

Mgosi wa Lushoto: Alileta. Vinne vimeshalegea miguu. Lakini na sakafu ya ukumbi ule haijanyooka.