Buti ya SUV ya 1999 inavuja maji, naomba ushauri

Wakuu, habari zenu. Masika hii shimo la spea linajaa maji. Kapeti na plastiki za ndani nimetoa, nikamwagia maji ya presha ndogo kuanzia chini kwenda juu, mtu akiwa ndani na tochi. Mpira wa mlango wa buti ni mzima: karatasi ukiibana inakaza pande zote. Taa ya nyuma ya kulia inachuruza, gasketi yake (ile ya kuzuia maji) imekauka, inakatika kama biskuti. Lakini hata taa ikizibwa kwa nailoni, matone yanashuka kwenye mshono wa paa, karibu na boliti ya keria. Silikoni inayonuka siki sitaki, inaleta kutu. Nikwangue mshono wote nipake silanti (gundi ya kuziba) ya poliurethani, au nianze na washa (vipete vya chini) za boliti? Na hiyo gasketi, Kariakoo inauzwa peke yake au mpaka taa nzima?