Bikoni za kiwanja zinaangukia mtaa mwingine kwenye ramani ya simu

KigaMtaa: Wakuu, ramani ya upimaji ya kiwanja Kigamboni ina bikoni (alama za zege za mipaka) nne, namba zake ni za aina ya E 533150, N 9242800, yaani mita za kwenda mashariki (E) na kaskazini (N). Nikizigeuza kuwa nyuzi na kuzitia Google Maps, kiwanja kinahamia kaskazini kama mita 300 na magharibi karibu mita 100, juu ya nyumba za watu. Umbo liko sawa. Kilichokosewa ni ramani au simu?

Theodolaiti: Vyote viko sawa, mkuu. Kiwanja kikihama chote bila kubadilika umbo, shida ni mfumo wa rejea, yaani msingi ambao namba za mahali zinapimiwa. Ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya ziko kwenye Arc 1960, inayotumia umbo la dunia la Clarke 1880. Simu inatumia WGS84, na vitovu vya mifumo hiyo havikutani. Soma maandishi ya pembeni ya ramani kuhakikisha, maana upimaji mpya unaweza kuwa kwenye mfumo mwingine.

Ikiwa ni Arc 1960, andika bikoni kwenye faili la CSV, safu ya E na ya N. Lipakie QGIS (programu ya ramani ya kompyuta) kama pointi, E iwe X, N iwe Y, mfumo EPSG:21037 (namba ya Arc 1960, zoni ya 37 kusini). Kisha hifadhi tabaka hilo la pointi upya kama faili la KML kwa EPSG:4326 (yaani WGS84), ulifungue Google Earth. Wengi hukwama hapa: wanabadilisha mfumo kwenye sifa za tabaka tu. Hiyo inabandika lebo mpya, namba hazigeuzwi.

ZoniYa36: 21037 ni ya zoni iliyo mashariki ya longitudo ya nyuzi 36. Kiwanja cha Dodoma au Mwanza tumia 21036. Na ukichagua zoni ya kaskazini badala ya kusini, N hiyo ya milioni tisa itakupeleka kwenye barafu karibu na ncha ya dunia.

KigaMtaa: Kimekaa mahali pake, asanteni. Naweza kuchimba msingi wa ukuta kwa kufuata simu?

Theodolaiti: Hapana! Vigezo vya kawaida vya kugeuza Arc 1960 kuwa WGS84 (kitovu kinasogezwa mita -160, -6, -302) ni wastani wa nchi mbili, Kenya na Tanzania, vinaweza kuacha kosa la mita nyingi. Simu yenyewe inayumba mita 3 hadi 5 hata pakiwa wazi, na picha ya setilaiti nayo huwa imesogea kidogo. Tumia simu kufika eneo la bikoni, fyeka, tafuta zege lenye namba. Lisipoonekana, mwite mpima ardhi mwenye leseni alirudishe.