Mtungi mmoja wa gesi, milango minne. Mlaji wa Tanzania analindwa na nani hasa?

Wakuu, kwanza niwaombe radhi, nina hasira.

Miezi miwili mfululizo gesi inakata kabla ya siku zake. Mke wangu akasema ni maharage, nikanyamaza. Jumamosi nikachukua mtungi mpya wa kilo 15, lakiri haijaguswa, nikaupeleka moja kwa moja kwa muuza mchele wa mtaani, akaupandisha kwenye mzani. Shingoni umegongwa 15.6, ndio uzito wa chuma kitupu. Ongeza 15 za gesi, ulitakiwa usome 30.6. Ukasoma 27.9! Na kabla hamjaniuliza: mzani ule una stika ya vipimo ya mwaka huu.

Nikarudi dukani. Muuzaji anatakiwa awe na mzani, mteja apimiwe palepale. Mzani upo kweli, umebebeshwa trei za mayai. Jibu lake: "Bosi, mimi nauza kama ulivyokuja."

Basi nikashika simu. Ofisi sizitaji, msinilazimishe. Wa kwanza: hilo la uzito si letu. Wa pili: andika barua, ambatanisha risiti ya EFD. Wa tatu akaniuliza nani kanipa namba yake.

Usiku nikakaa na sheria zenyewe nione mkanganyiko huu ulitoka wapi. Kilo za mtungi ni za Wakala wa Vipimo, waliopo tangu 2002. Ubora wa mtungi wenyewe ni TBS, shirika la viwango la 1975. Leseni ya muuza gesi ni EWURA, wadhibiti wa nishati na maji. Ukiwa na nembo bandia, hapo ni FCC, Tume ya Ushindani, wanaosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Mtungi ni mmoja jamani!

Mzee wangu anaikumbuka Tume ya Bei ya 1973. Bei ilipangwa na serikali, ukiuziwa zaidi unajua pa kushtaki. Shida bei ilikuwepo, sukari haikuwepo. Foleni duka la kaya, sabuni kupitia mlango wa nyuma, mpaka 1983 watu wakakamatwa kwa uhujumu uchumi. Siililii enzi ile hata kidogo.

Likaja soko huria, bei zikaachiwa, 1994 ikatungwa sheria ya kudhibiti mwenendo wa biashara. Ikafutwa na Sheria ya Ushindani namba 8 ya 2003, ndiyo iliyozaa FCC. Tume yenyewe kuanza kazi ni 2007. Hesabuni wenyewe.

Halafu hawatulii. 2003 hiyohiyo tukaletewa TFDA, tukaikariri: chakula, dawa, vipodozi. Julai 2019 chakula na vipodozi vikahamia TBS, waliobaki na dawa na vifaa tiba wakaitwa TMDA. SUMATRA ya usafiri nayo ikagawanywa, LATRA ya nchi kavu huku, TASAC ya meli kule. Labda kwa watawala kuna mantiki, wataalamu wakae na fani zao. Lakini mama ntilie aliyepunjwa gesi afuatilie mabadiliko ya sheria kila Bunge la bajeti? Na kila mdhibiti ana baraza lake la watumiaji pembeni, la maji na umeme mbali, la simu mbali, la usafiri mbali, kana kwamba mimi ni watumiaji watano tofauti.

Ninachotaka ni kidogo tu: namba moja ya bure. Nikisema "nimepunjwa", mpokeaji ndiye ahangaike kutafuta linamhusu nani, si mimi na nauli yangu.

Mtungi bado uko koridoni, sijaufungua, ni ushahidi. Tunapikia mkaa tangu Jumamosi na mke wangu hanisemeshi. Kuna yeyote humu aliyewahi kupunjwa gesi akarudishiwa chake? Alipita mlango upi, na ilichukua siku ngapi?