Je, kahawa hupunguza nguvu ya mofini?

MleziWaBaba aliuliza:

Habari zenu wote. Baba yangu ana umri wa miaka 71, na siku 12 zilizopita alifanyiwa upasuaji wa nyonga. Baada ya kurudi nyumbani alikuwa akimeza vidonge vya mchanganyiko wa parasetamoli na kodeini, viwili viwili mara nne kwa siku. Maumivu yalipokataa kutulia, daktari alimbadilishia akampa vidonge vya mofini vinavyotoa dawa polepole, kimoja asubuhi na kimoja usiku. Siku hiyo hiyo jamaa mmoja alituambia kwamba kahawa huua dawa za aina hiyo, nasi tukamnyima vikombe vyake vitatu alivyovizoea kwa zaidi ya miaka 40. Kesho yake mchana alianza kulalamika kwamba kichwa kinamgonga pande zote, akawa mkali kwa kila mtu, na sasa husinzia akiwa ameketi, hata leo nimemkuta kijiko kimebaki mkononi na uji umepoa. Naomba kufahamishwa kama kweli kahawa huzuia mofini kufanya kazi, na kama maumivu haya ya kichwa yanatokana na dawa mpya.

MuuguziWaUsiku alijibu:

Ndugu, kabla ya kuzungumzia kahawa, tafadhali mwangalie baba sasa hivi akiwa amesinzia. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima, bila kukadiria. Kisha mwite kwa jina na kumgusa bega, uone kama anaamka na kujibu maneno yanayoeleweka. Ikiwa haamki kwa urahisi, pumzi ni chache kuliko kumi kwa dakika, anakoroma kwa namna ya kukwama, midomo imegeuka rangi, au mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, hiyo ni dharura, na msaada wa hospitali uitwe bila kusubiri jibu la mtu yeyote hapa.

Wala asinyweshwe kahawa ili azinduke. Mtu aliyezidiwa na mofini anaweza kupaliwa na kinywaji, na kafeini, yaani kichangamshi kilichomo kwenye kahawa, haiitoi mofini mahali ilipojishika. Dawa inayofanya hivyo ni naloksoni.

MleziWaBaba alijibu:

Nimehesabu mara mbili: pumzi 14, kisha 15. Ameamka nilipomwita na ameniuliza kwa nini namkodolea macho.

MfamasiaMstaafu alijibu:

Hayo majibu yanatia moyo, ingawa daktari aliyeandika mofini lazima ajulishwe leo kuhusu kusinzia huko, kwa kuwa mabaki ya mofini hutolewa na figo, na figo za mtu wa umri huo huenda haziyatoi kwa kasi inayotarajiwa.

Sasa tuje kwenye kahawa. Kafeini na mofini hazigombei mlango mmoja. Mofini hujishika kwenye vipokezi vya afyuni, yaani sehemu za seli zinazopokea dawa za jamii ya afyuni, vilivyomo katika ubongo, uti wa mgongo na utumbo, ilhali kafeini huziba vipokezi vya adenosini, ambayo ni kemikali ya mwili inayojikusanya tunapokuwa macho na kutuletea usingizi. Hata katika ini njia zao ni tofauti: kafeini huvunjwa zaidi na kimeng'enya kiitwacho CYP1A2, kodeini hugeuzwa kuwa mofini na kingine kiitwacho CYP2D6, na mofini yenyewe huunganishwa na aina ya sukari ili iweze kutoka kwa mkojo. Kwa hiyo kikombe cha kahawa hakiifukuzi mofini mwilini, wala hakiizuii kuingia.

Jamaa yenu, hata hivyo, hakuokota maneno yake jalalani. Mofini inapofika kwenye uti wa mgongo huchochea kutolewa kwa adenosini, na sehemu ya utulivu wa maumivu hupitia hapo, ndiyo maana katika majaribio ya wanyama kafeini imeonekana kupunguza kazi hiyo. Tatizo ni kwamba majaribio ya wanyama hayawezi kuhamishwa moja kwa moja hadi kwenye kikombe cha mgonjwa. Kwa binadamu kafeini imejulikana zaidi kwa kinyume chake, kwani miligramu 100 au zaidi zikiongezwa kwenye kipimo cha parasetamoli au ibuprofeni, watu kati ya watano na kumi zaidi katika kila mia hupata nafuu ya kutosha. Neno "huua" ni zito mno kwa jambo hili.

Ninachokiogopa mimi ni kingine kabisa. Kwa mgonjwa anayetumia mofini, usingizi ndio kengele inayolia kabla pumzi hazijapungua. Kahawa nyingi humfanya aonekane yu macho huku dawa ikiendelea kujazana, na walezi wakatulia kwa sababu baba anazungumza.

Nina ombi moja. Tafuta boksi la vile vidonge vya kwanza, usome maandishi madogo yote, usiishie kwenye jina.

MsomajiWaJikoni alijibu:

Samahani kwa kuingilia. Mimi nilisoma kwamba kahawa yenyewe ina kitu kinachojishika kwenye vipokezi vya afyuni, hata ile iliyoondolewa kafeini. Je, hilo si ushahidi kwamba kahawa huipinga mofini?

MfamasiaMstaafu alijibu:

Ulichosoma kipo. Mwaka 1983 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba unga wa kahawa inayoyeyuka majini huisukuma naloksoni kutoka kwenye vipokezi vya ubongo wa panya, na hapakuwa na tofauti kubwa kati ya kahawa yenye kafeini na isiyo nayo. Vipokezi hivyo, hata hivyo, vilikuwa ndani ya chupa ya maabara. Kitu kinachonywewa kinapaswa kwanza kupita tumboni, kivuke utumbo, kinusurike kwenye ini na kisha kiingie ubongoni. Sijawahi kumwona mgonjwa aliyepoteza nafuu ya mofini kwa sababu ya kahawa isiyo na kafeini, na nimewahudumia wengi waliokunywa zote mbili.

MleziWaBaba alijibu:

Nimelipata boksi chini ya kitanda. Kila kidonge kina parasetamoli miligramu 500, kodeini miligramu 8, na kafeini miligramu 30. Hili la mwisho hatukuwa tumeliona hata siku moja.

MfamasiaMstaafu alijibu:

Nilidhani hivyo. Vidonge vinane kwa siku ni miligramu 240 za kafeini. Ongeza vikombe vitatu, ambavyo kwa makadirio ya miligramu 90 kila kimoja ni 270, utapata 510, zaidi ya zile 400 kwa siku ambazo Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilizitaja mwaka 2015 kuwa hazina madhara kwa mtu mzima mwenye afya. Kisha kwa siku moja mkaziondoa zote: vidonge vikabadilishwa na kahawa ikafungiwa kabatini. Kichwa cha kukosa kafeini huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, huwa kikali zaidi siku ya kwanza au ya pili, na huweza kuendelea hadi siku tisa, kikiambatana na hasira, uchovu na usingizi. Mofini inasingiziwa sehemu ya makosa hayo. Sisemi yote, kwa sababu usingizi wake unaweza kuwa na mama wawili.

Daktari akiridhia, mrudishieni kikombe kimoja asubuhi, na msiongeze vingine ili kumchangamsha. Na vidonge vya mofini visivunjwe wala kukorogwa ndani ya kahawa, maana dawa iliyokusudiwa kutoka kwa saa 12 itatoka yote kwa mkupuo.

MuuguziWaUsiku alijibu:

Muulize pia kuhusu choo, wazee huona haya kusema. Kahawa huamsha utumbo mpana wa watu wengi ndani ya dakika chache, na mofini huulaza. Mmempokonya kimoja mkampa kingine. Aandikiwe dawa ya choo kama sena, kwa sababu kahawa peke yake haitatosha.

MleziWaBaba alijibu:

Hajapata choo kwa siku nne, na kweli alikuwa anaona haya. Daktari amekubali kahawa kikombe kimoja na ameandika sena. Baba amekunywa kahawa yake leo saa mbili asubuhi, na kabla ya saa tatu kichwa kilikuwa kimeachia. Kusinzia bado kupo, ingawa kumepungua. Kesho anapimwa figo, ndipo daktari ataamua kama kipimo cha usiku kipunguzwe. Mpaka hapo nimeweka daftari kando ya kitanda, na kila baada ya saa nne naandika idadi ya pumzi.