Naomba ushauri: mguu wenye chuma umeanza kutoa usaha

Habari za humu wakuu. Kaka yangu alipata ajali ya bodaboda huku Chamwino, muundi ukavunjika hadi mfupa ukatokeza nje. Alisafishwa, akawekewa chuma, kidonda kikafunga. Sasa kwenye mshono kuna kitundu: kinatoa usaha, kinakauka, kinarudi tena. Usiku homa.

Daktari anasema wadudu wameingia kwenye mfupa. Anataka usaha uoteshwe maabara ijulikane dawa gani inawaua, kisha afanyiwe upasuaji mwingine kutoa mfupa uliokufa, na antibayotiki zinaweza kufika wiki 6. Chuma kisitolewe haraka, maana mfupa haujaunga.

Hapo ndugu wamegawanyika. Mjomba wa Kondoa anataka akakandwe kwa fundi wa mifupa (usaha unakandwaje jamani?). Shangazi naye kila kikivimba anakimbilia vidonge duka la dawa, nahofia vitavuruga kipimo cha maabara.

Waliopitia hili, mlitibiwa Hospitali ya Benjamin Mkapa hapahapa Dodoma au mlikwenda MOI (taasisi ya mifupa ya Muhimbili) Dar? Bima ilibeba huo upasuaji wa pili? Halafu ana kisukari na anavuta sigara. Daktari kakazia vyote viwili, vinachelewesha kupona. Sukari tunaipima. Sigara je, mlimwachishaje mtu mzima aliyelala kitandani hana la kufanya?